Marobota ya Ghorofa ya Nne

"Huyu hakuuawa na wananchi," alisema Inspekta Severa.

Konstebo Vitalis alikuwa amesimama upande wa miguu ya maiti, leso puani. Karatasi aliyoishika ilikuwa imeshaandikwa vingine: kijana wa kiume, miaka kama ishirini na mbili, amekutwa asubuhi juu ya mkokoteni nyuma ya maghala ya Kariakoo, amefunikwa viroba, anadhaniwa ni mwizi aliyepigwa na wananchi wenye hasira.

"Afande, mbavu nne zimevunjika. Taya limehama. Pale Kariakoo mtu akiitiwa mwizi, unajua mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia. Wananchi wanapiga kichwa, wanapiga kwa tofali, wanakimbia. Hawakuvui viatu wakakuchapa nyayo."

Nyayo za marehemu zilikuwa zimevimba mpaka ngozi ikapasuka. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na michubuko miembamba, imezunguka kama bangili.

"Mkanda wa plastiki," alisema Severa. "Ule wa kufungia marobota ya mitumba. Alifungwa kwanza, akapigwa baadaye. Daktari, nigeuzie."

Daktari wa mochwari akamgeuza. Mabega yote mawili yalikuwa yamechubuka mpaka nyama nyekundu. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, palikuwa na kovu bichi lenye ncha, upana wa kiganja.

"Pasi," alisema daktari. "Lakini hii si ya jana. Wiki mbili hivi. Na kuna mtu alimpaka dawa ya meno, bado imegandia pembeni."

Severa aliinama. Chini ya lile kovu palibaki kipande cha mchoro wa wino, mkia wa nge.

"Mtu gani anakuchoma pasi halafu anakupaka dawa ya meno?" aliuliza Vitalis.

"Mtu uliyekubali akuchome. Alikuwa anafuta tatoo." Akashika kiganja cha marehemu, akakigeuza. "Mikono laini, malengelenge mapya. Mpagazi wa kweli bega lake lina sugu, huyu hana. Amebeba mizigo wiki chache tu, na hakuna aliyempa hata ngata ya kuweka begani." Akainusa nywele. Zilijaa nyuzinyuzi, na zilinuka ile dawa ya nguo za mitumba. "Hakuwa mwizi wala hakuwa kuli. Sasa alikuwa nani?"

Jibu lilikuwa linamsubiri kituoni.

Wanawake wawili wa Buguruni walikuwa wamekuja pamoja kuulizia watoto wao. Walipanga nyumba moja, vyumba vinatazamana. Mmoja, Nasma, alioneshwa picha akamtambua mwanawe, Mudi, akaanguka pale pale kaunta. Ndugu zake walishamchukua kwenda kuandaa msiba. Wa pili, Sitara, aligoma kuondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani, amenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Shikamoo, mama," alisema Severa.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Nani mwanao?"

"Rajabu. Aliondoka na Mudi siku moja, saa moja, kwa mtu mmoja. Mudi amerudi kwenye mkokoteni. Wangu yuko wapi?"

Severa akavuta kiti. "Anzia mwanzo."

Mtu huyo aliitwa Kapteni Shaibu. Alifika uani kwao mwezi uliopita, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele fupi, anatembea mgongo wima. Alisema yeye ni afisa na anawaandaa vijana kwa usaili wa uafisa wa jeshi. Nafasi zinatoka karibuni, na anayekwenda bila kuandaliwa anarudishwa siku ya kwanza. Rajabu na Mudi walikuwa na vyeti vya kidato cha sita na vya JKT, miaka miwili wanakaa barazani.

"Alitaka hela kiasi gani?"

"Hata senti. Ndiyo maana tukamwamini. Tapeli si anaomba hela?" Sitara akafungua mkoba, akafunga tena. "Alichukua vyeti vyao tu, na simu. Akasema kambi iko Kigamboni, na anayepiga simu nyumbani ameshafeli."

"Ukakubali."

"Nilimkabidhi. Nilimwambia maneno yale yale niliyomwambia mwalimu wake wa madrasa, Rajabu ana miaka sita. Mchape utakavyo, nyama yako, mifupa yangu." Akautazama mlango alikotolewa Nasma. "Nasma hakusema hivyo. Nasma alisema tu, huyu wangu ana pumu, umwangalie. Mimi nikamcheka njiani. Nikamwambia unamdekeza, jeshi halitaki watoto wa mama."

Na hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tunampa mtu fimbo kabla hatujamuuliza anataka kumchapa nani.

Sitara akatoa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Juu iliandikwa SIFA ZA MWOMBAJI. Chini kabisa: Mtihani wa mwisho, Alhamisi, saa kumi jioni.

Severa akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa Alhamisi. Saa saba kasoro.

"Huo mtihani ni wa nini, mama?"

"Sijui. Nimeshakwambia sijui. Nitafutie mwanangu."

Vitalis alitaka gari liende kivukoni mara moja. Severa akapiga simu upande wa Kigamboni, wakamjibu hakuna kambi ya namna hiyo wala mtu wa jina hilo. Akaweka simu.

"Mtu aliyekufa Kigamboni hapakiwi kwenye pantoni na mkokoteni wake aje atupwe Kariakoo," alisema. "Aliyemtoa alisukuma hatua chache. Twende kwa Meja Hashimu kwanza."

"Afande, saa zinaenda."

"Dakika kumi. Nataka nijue namtafuta mtu wa aina gani."

Meja mstaafu Hashimu alikuwa na duka la sare za shule Mtaa wa Kongo. Kabla ya kustaafu alikaa miaka tisa kwenye meza ya usaili wa maafisa. Aliisoma karatasi kwa miwani ya ncha ya pua, huku mteja akisubiri sketi ya darasa la tatu.

"Umri, cheti, urefu, hajaoa, hajawahi kushtakiwa, hana tatoo," alisoma. "Haya yako kwenye tangazo lolote, hata wewe unaweza kunakili. Ngoja. Namba saba. *Awe tayari kumwadhibu mwenzake bila kuuliza sababu.*" Akavua miwani. "Hii ameitoa wapi?"

"Ndilo swali langu."

"Inspekta, sisi tulikuwa tunawapa gogo, pipa na shimo. Watu sita. Tunawaambia vukeni. Hatumwangalii anayevuka wa kwanza. Tunamwangalia yule ambaye akishavuka anageuka nyuma kuona nani amebaki, halafu anarudi. Huyo ndiye afisa. Na kwenye usaili tulikuwa tunauliza: ukiamriwa umpige mwenzako aliyeanguka, utafanyaje? Anayejibu haraka kwamba atapiga, tunamshukuru, anakwenda nyumbani."

"Anarudishwa kwa utiifu?"

"Utiifu wa amri halali. Huyo mwingine ni mbwa tu, na mbwa hapewi kuongoza watu."

"Marehemu alikuwa na pumu, na huyu Kapteni aliambiwa."

Meja akacheka bila furaha. "Pumu? Mwenye pumu havuki meza ya kwanza ya daktari. Basi huyo bwana haandai maafisa. Anataka miguu na migongo."

"Ya kubebea nini?" aliuliza Vitalis.

Severa alikuwa ameshatoka nje.

Wapagazi walikuwa wamekaa kwenye kona wanayokaa siku zote, juu ya mikokoteni yao, wanakula mihogo. Walipomwona wakaanza kusogeza mikokoteni pembeni wakidhani ni msako.

"Kaeni. Mambo?"

"Poa, afande. Leo umekuja kubeba na wewe?" alisema mmoja, wengine wakacheka.

"Nimekuja kuuliza. Kuna jengo gani hapa linashusha marobota lakini nyinyi hamuitwi?"

Kicheko kikakatika. Walitazamana, kisha aliyetania akatema ganda la muhogo.

"Si lile la nyuma, la ghorofa nne. Wiki ya tatu hii hatujapanda pale. Yule msimamizi wa ghala, Shaibu, ana watu wake. Vitoto vya shule. Vinapanda ngazi na mzigo mgongoni huku vinakimbia, vinahesabu kwa sauti. Tunaviita wanajeshi wa mitumba."

"Mlishawahi kuongea nao?"

"Nilimwambia mmoja, mdogo wangu, weka ngata, utaharibu bega. Akanijibu mimi ni raia, nisimsemeshe akiwa mazoezini." Akatikisa kichwa. "Mpaka vinatia huruma. Vinatunyima kazi, na vyenyewe havilipwi."

"Shaibu aliwahi kuwa mwanajeshi?"

Wakacheka tena, safari hii wote. "Mlinzi wa usiku, afande. Tena alifukuzwa kwa kulala."

Ghorofa ya chini ya jengo lile palikuwa na duka la vifungo, uzi na zipu. Mwenyewe, Harshida, mama wa makamo mwenye bangili za dhahabu na sauti ya chini, aliona kitambulisho cha Severa akafunga nusu ya mlango.

"Mmechelewa," alisema. "Mimi nilimwambia mume wangu Girish tupige simu juzi. Girish akasema ni mambo ya jeshi, tutaambiwa tunaingilia."

"Juzi ilikuwaje?"

"Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Hawa vijana kila siku wanahesabu ngazi, na tundu la ngazi linaniletea kila sauti ya juu, nimezoea. Jumanne hawakuwa wanapanda. Palikuwa na sauti kama mtu anapiga godoro. Paa, halafu namba. Paa, halafu namba. Mpaka arobaini na kitu, wakanyamaza. Halafu wakaanza tena, moja." Akashika kaunta. "Mara tatu walianza moja."

"Anayepigwa alikuwa analia?"

"Mwanzoni. Baadaye alikuwa anavuta pumzi kama mluzi. Lakini, Inspekta, aliyekuwa analia zaidi ni yule anayehesabu."

Severa akatazama saa yake. Saa nane na nusu.

"Aliyehesabu alikuwa Shaibu?"

"Hapana. Shaibu namjua sauti. Ilikuwa ya kijana."

Wakapiga simu ya kuongezewa nguvu. Waliambiwa wasubiri robo saa. Juu yao kitu kizito kikaanguka sakafuni, na sauti ya mtu ikasema, moja.

Hawakusubiri.

Ngazi zilikuwa nyembamba, zimejaa mikanda ya plastiki iliyokatwa. Ghorofa ya nne mlango wa chuma ulikuwa umerudishiwa tu. Severa akausukuma kwa bega.

Ndani, kati ya marobota yaliyopangwa mpaka dari, vijana watano wenye vesti nyeupe walisimama mstari mmoja. Wa sita alikuwa amelala kifudifudi, mikono imefungwa nyuma, nyayo juu. Juu yake alisimama kijana mrefu mwenye kipande cha bomba la maji. Pembeni, juu ya robota, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe, anakunywa soda. Mkononi alikuwa na kulabu, ile ya chuma ya kuvutia marobota.

"Polisi. Weka chini."

Shaibu hakusimama. Alisema kwa utulivu, "Rajabu, raia wameingia eneo la mafunzo. Watoe."

Yule mrefu akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa yanamwangalia mtu. Alikuja moja kwa moja na bomba limeinuliwa. Vitalis akaingia mbele, bomba likamshukia mkononi, na kila mtu mle ndani akasikia mfupa ukivunjika. La pili lilikuwa linakuja kichwani.

"Rajabu," alisema Severa. "Mama yako Sitara amekaa kituoni tangu asubuhi. Hajala."

Bomba likasimama hewani.

"Piga," alisema Shaibu. "Unataka kufeli siku ya mwisho?"

Kijana akaanza kulishusha bomba. Shaibu akaona, akaruka kutoka kwenye robota, akamzungushia Severa kulabu usoni. Severa alikwepa nusu. Ncha ikamchana kutoka sikioni hadi shingoni. Akaukamata mkono wake wenye kulabu, akampiga goti la kinena, na Shaibu alipoinama akamgongesha uso kwenye kona ya mlango wa chuma. Mara ya kwanza alitukana. Mara ya pili meno yalidondoka. Mara ya tatu haikuhitajika, lakini Severa aliifanya.

Shaibu akakaa chini, damu inachuruzika kwenye shati lake jeupe.

"Mimi sijamgusa mtu," alisema kwa mdomo uliojaa. "Waulize. Sijawahi kuinua mkono kwa hata mmoja wao."

Severa alimfunga pingu, akamfungua yule aliyelala, ambaye alikuwa hai. Wale watano bado walikuwa wamesimama mstari. Hakuna aliyesogea. Mmoja alikuwa amejikojolea na alikuwa bado ameganda wima, mikono ubavuni.

"Tokeni kwenye mstari," aliwaambia. "Kaeni chini. Imekwisha."

Walimwangalia Shaibu kwanza.

Rajabu alikuwa ameshaweka bomba sakafuni, kwa uangalifu, kama anarudisha kitu cha serikali. Severa alikaa kwenye robota mbele yake, leso shingoni.

"Kapteni wako anasema hajamgusa mtu."

"Kweli, afande."

"Mudi alipigwa na nani?"

"Mimi."

Alijibu haraka, kama amezoea kuulizwa.

"Kwa nini?"

"Alikataa kupanda raundi ya thelathini. Alisema kifua kimembana. Kapteni akasema kiongozi anayemwonea huruma mtu legelege hana sifa, na kwamba mimi ndiye kiongozi wa kikosi. Akasema kama sitampiga mimi, watampiga wote kwa zamu."

"Kwa hiyo ukaona wewe utapiga taratibu."

Kijana akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Ndiyo. Nilianza nyayo. Kapteni akasema fimbo gani hizo, unambembeleza. Akasema mbavu."

"Mapigo mangapi?"

"Mia. Nikipotea hesabu naanza upya. Nilipotea mara mbili."

Vitalis, ameegemea ukuta na mkono wake uliovunjika, alifumba macho.

"Ile tatoo yake nani alimchoma?"

"Mimi pia. Hiyo aliomba mwenyewe. Nilimpaka dawa ya meno." Akalisogeza bomba mbali na mguu wake. "Usiku wa kuamkia leo, alipoacha kupumua, nilimwambia Kapteni tumpeleke hospitali. Akasema huyo ameshafeli, tumshushe kama tunavyoshusha mzigo. Tukamshusha. Jana yake tulikuwa tunalala mkeka mmoja."

"Ulikuwa na nafasi ya kukimbia ulipomshusha. Barabara ile pale."

"Vyeti vyangu viko kwake."

Severa akachukua pingu za Vitalis, akamfunga.

Saa kumi na nusu alirudi kituoni, shingo imefungwa bendeji. Sitara alikuwa kwenye benchi lile lile. Alisimama, akaona damu kwenye blauzi ya Severa.

"Yupo hai," alisema Severa. "Hana jeraha."

Sitara akachukua mkoba. "Nimwone. Nimletee hata chai. Yuko gari gani?"

"Kaa kwanza, mama."

"Nimekaa tangu asubuhi."

"Kaa."

Alikaa. Severa akakaa karibu naye, akamweleza. Hakupunguza kitu, kwa sababu angeyasikia mahakamani, na huko yangesomwa mbele za watu. Alimweleza bomba, nyayo, mbavu, na hesabu iliyoanza upya. Sitara alimsikiliza akiangalia vidole vya miguu yake. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mudi alijua ni yeye anayempiga?"

"Alijua."

Simu ikaita ndani ya mkoba. Sitara aliitoa, akatazama jina, akamgeuzia Severa aone. Nasma. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Mara ya tatu Sitara akapokea.

"Ndiyo, shoga yangu." Akasikiliza. "Ndiyo, wamempata." Akasikiliza tena, mkono mmoja umeziba macho. "Mzima. Hana hata jeraha."

Kwenye simu sauti ya Nasma, iliyokauka kwa kulia tangu asubuhi, ilisikika ikiwageukia wanawake waliokaa naye mkekani, ikiwaambia Rajabu wa Sitara amepatikana mzima. Na wanawake wote wa msiba ule wakaitikia kwa pamoja, alhamdulillahi.